Sauti ya Mume Wangu Imebaki Baa

Nina umri wa miaka sitini na tatu. Ni mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu wengi. Nalima mahindi, mbaazi na alizeti huku kwetu Masakta, wilaya ya Hanang. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, na kabla ya hapo nilifundisha Shule ya Jumapili hadi wale niliowafundisha wakaanza kuniletea watoto wao.

Sijawahi kuandika habari za nyumba yangu popote. Naandika leo kwa sababu mume wangu hawezi tena kusema, na bado sauti yake inasikika kila mahali... Inasikika baa, inasikika kwenye bodaboda, inasikika kwenye simu za vijana wasiojua hata jina lake. Ndugu wasomaji, nivumilieni. Machozi yananikatiza kila mara.

Mume wangu anaitwa Lohay. Tulioana tukiwa vijana huko juu Mbulu, tukashuka Masakta kutafuta ardhi. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye sauti nzuri. Lakini alikunywa! Alikunywa hadi watoto wetu wakajifunza kusikiliza viatu vyake vikija njiani, wajue kama wabaki ndani au wakimbilie kwa jirani. Sitaeleza yote ya miaka ile. Nilishamsamehe, na Mungu alishayafuta.

Siku moja mtoto wetu wa pili aliungua kwa homa akaanza kukakamaa. Baba yake alikuwa kilabuni. Majirani walimbeba mtoto kwa machela kumpeleka zahanati, wakapita mbele ya kile kilabu, naye akatoka na kopo mkononi kuuliza mgonjwa ni nani... Alipofunua shuka akamwona mwanawe, alikaa chini palepale barabarani.

Mtoto alipona. Lohay hakunywa tena. Alibatizwa, akajifunza kusoma Biblia vizuri, na baadaye akawa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Miaka mingi sana tuliishi kwa amani, na kila jioni nilimshukuru Mungu kwa jambo moja tu: kwamba viatu vya mume wangu vikisikika njiani, wajukuu wanakimbia kumpokea.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Hayo ndiyo niliyopoteza.

Niwaeleze kwanza jambo la kwetu, ili mnielewe. Sisi Wairaqw, mkutano wa ukoo au harusi haumaliziki bila slufay, yaani dua ndefu ya baraka. Mzee mmoja huitamka na wengine wote humwitikia kwa pamoja. Huombea mvua, huombea mifugo, huombea matumbo ya akina mama na amani na majirani. Si kila mzee anaiweza. Lohay aliiweza kuliko wote niliopata kuwasikia. Akianza, hata watoto wachanga walinyamaza.

Katika ukoo wake, mzee anayebariki huchukua funda la pombe kutoka kwenye kibuyu, akalipuliza juu ya watu kama manyunyu, kisha ndipo aanze kusema. Tangu aokoke, Lohay alipuliza maziwa. Hakuna aliyelalamika. Wengi walisema maziwa ni mazuri zaidi.

Basi, miaka michache iliyopita, mjukuu wa shemeji yangu wa Gendabi aliolewa, na Lohay akaombwa abariki. Upande wa bwana harusi walikuja na kibuyu cha pombe ya asali, kikubwa, kimepambwa shanga. Mume wangu aliagiza maziwa. Wajomba wakakataa! Walisema kilicholetwa na wakwe ndicho cha kubarikia. Ukikisukuma kando umewasukuma wakwe wenyewe, na bibi harusi atakwenda kuishi na watu waliotukanwa.

Lohay aliniangalia. Nami nilimtikisia kichwa kumkataza.

Alikuja karibu yangu akaninong'oneza, "Mama Rehema, kinachomlevya mtu ni kile kinachoshuka kooni. Hiki hakitashuka."

Na kweli hakikushuka. Alichukua funda, akapuliza, akabariki. Jamani, alibariki siku ile! Mlima Hanang ulikuwa umetoka kwenye mawingu nyuma yake, watu wakaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Alipomaliza alikwenda nyuma ya jiko akasukutua mdomo kwa maji mara nyingi. Nilimwona. Moyo wangu ukatulia.

Binti yetu Rehema, anayeishi Arusha, alikuwa amerekodi kwa simu. Usiku wa safari yake kurudi aliiweka ile video mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya. Alijivunia baba yake... Mtoto kumpenda baba yake ni kosa?

Ile video ilikimbia kama moto wa nyasi kavu. Watu waliitazama Dar es Salaam, Mwanza, hata wenzetu walioko ng'ambo. Mwanzoni maneno yao yalikuwa mazuri. Waliandika kwamba wamekumbuka nyumbani, kwamba mzee awabariki na wao. Rehema akamletea baba yake simu kubwa, akamfungulia ukurasa wenye jina la Babu wa Baraka, akamfundisha kusoma maoni.

Lohay alifurahi kama mtoto. Mtu ambaye maisha yake yote alisikilizwa na ukoo mmoja, sasa anasikilizwa na nchi! Huku kwetu mtandao haushiki kila mahali, kwa hiyo alikaa juu ya mawe nyuma ya zizi, miwani puani, akisoma jina moja moja kwa sauti. "Mama Rehema, huyu yuko Songea! Songea, wewe!"

Nami nilicheka naye. Ningejuaje?

Watu wakaomba video nyingine. Alifanya moja kwa maziwa. Maoni yakaja machache, tena ya kebehi. "Babu, hiyo ni chai ya asubuhi?" "Babu, tunataka ile kitu yenyewe." Rehema akamwambia kwa simu kwamba watu wanapenda ile ya kwanza, yenye kibuyu cha shanga. Basi akaazima kibuyu, akatafuta pombe ya asali kwa jirani, akachukua funda, akapuliza, akatema, akasukutua. Watu wakafurika tena.

Ikawa kila Ijumaa. Waliiita Ijumaa ya Babu. Vijana nao wakaanza kumjibu kwa video zao: wameshika chupa, wanapuliza bia hewani, wanacheka, wanaigiza maneno yake. Simu nayo ikishajua unachotazama inakuletea kingine kama hicho, na kingine, na kingine. Fikirini, wasomaji wenzangu... Mtu aliyekaa miaka mingi bila kuona glasi ya pombe mezani kwake, sasa kutwa nzima anatazama glasi, povu, chupa zenye jasho la baridi, na watu wenye furaha wanaolitaja jina lake!

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa machozi.

"Sijameza," alinijibu. Kila mara ni hilo tu. "Umeniona nikimeza?"

Kweli sikuwa nimemwona.

Katika yale maoni lilikuwapo moja ambalo lilirudiwa na watu wengi hadi likawa kama wimbo wao: "Babu, mbona unatema utamu? Meza!" Wengine waliongeza kwamba babu ni mlokole wa mdomoni. Wengine kwamba babu anaogopa mke. Alinisomea hilo la mwisho akicheka, lakini nilimjua mume wangu. Kicheko hicho hakikutoka moyoni.

Siku gani alimeza kwa mara ya kwanza? Sijui. Nimejiuliza sana. Najua tu kwamba Ijumaa moja nilimpelekea maji ya kusukutua kama kawaida, akaniambia, "Weka hapo." Nilipopita jioni maji yalikuwa bado pale, nzi ameanguka ndani yake.

Mchungaji wetu alikuja nyumbani. Ni kijana ukilinganisha na sisi, ametoka mkoa mwingine, mwenye adabu. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akanywa chai, akauliza habari za mifugo, ndipo akasema lililomleta.

Lohay akamkatiza. "Mchungaji, wewe ni mgeni. Hii ni mila, huijui."

"Ni kweli, mzee wangu, mila yenu siijui," akasema mchungaji. "Lakini watu walioacha pombe nawajua. Nimewazika kadhaa."

Baraza la wazee likamwomba apumzike kidogo kuongoza jumuiya, mpaka atakapoacha zile video. Nilikuwamo katika kikao hicho. Nilikuwa nalia tu. Hawakumtenga wala kumtukana. Walimwomba apumzike.

Lakini habari hizo zikamfikia Deo. Deo ni mtoto wa rafiki wa zamani wa mume wangu. Alibatizwa mbele ya macho yetu, amekula ugali wangu tangu hajaota meno. Siku hizi ana baa Katesh. Alirekodi video akisema kwamba kanisa linamwonea Babu wa Baraka kwa sababu ya wivu. Loo! Maelfu ya watu wasiowahi kufika Hanang wakamtukana mchungaji wetu matusi ambayo siwezi kuyaandika. Wakamwambia mume wangu asikubali. Wakamwambia yeye ni shujaa.

Jumapili iliyofuata Lohay hakwenda kanisani. Nilikwenda peke yangu. Nafasi yake kwenye benchi iliachwa wazi, watu wakidhani amechelewa.

Tangu hapo Deo akawa anakuja kumchukua kwa pikipiki. "Mama mkubwa, shikamoo! Namchukua mzee kidogo, nitamrudisha mapema." Marahaba, mwanangu... Nilisema nini zaidi? Alimkalisha baa, akamvika koti jeusi na kofia, akamrekodi akibariki meza za wateja moja baada ya nyingine. Na kila meza ilitaka funda lake. Na sasa watu wote wameketi mbele yake wanamtazama koo. Atatema vipi?

Alianza kurudi akiimba. Kisha akaanza kurudi kimya. Kisha siku nyingine harudi kabisa.

Msimu ule mbaazi zetu zilikauka shambani zikapasuka zenyewe, nikavuna na wajukuu kilichobaki. Ng'ombe wetu mmoja alizaa vibaya akafa zizini, baba mwenye zizi yuko Katesh anabariki Ijumaa za watu. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka minne, aliposikia viatu njiani aliingia chini ya kitanda.

Chini ya kitanda, ndugu zangu! Nani alimfundisha? Hakuna aliyemfundisha. Niliinama kumtoa nikajikuta nimekaa chini pamoja naye, nikamkumbuka mama yake alivyokuwa mdogo. Nikamwambia Mungu: Bwana, hapa tulishapita. Tumerudishwaje?

Nilimpigia Rehema. Nilimweleza yote. Akasema, "Mama, mimi huku naona anacheka tu. Kwenye video anacheka."

Nikamwambia, "Njoo umwone hizo video zikizimwa."

Kabla hajaja, likatokea la Getanuwas.

Tulikuwa na rafiki Mbarabaig, mfugaji wa upande wa Getanuwas, mtu wa heshima. Yeye na Lohay walichungiana ng'ombe tangu ujana. Hakuwa Mkristo, lakini alikuwa hawezi kupita kwetu bila kuuliza kama tumeamka salama. Alipofariki, wanawe walimwomba Lohay aje aseme maneno ya baraka mbele ya mji wao. Ni heshima kubwa mtu wa kabila jingine kuombwa hivyo. Nilishukuru. Nilidhani huzuni itamrudisha.

Msibani alikuja na Deo na vijana wengine, amevaa lile koti la baa. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya wazee wa Kibarabaig, akafumba macho, tukasubiri... Yakatoka maneno ya baa. "Ijumaa imefika! Nani hana glasi?"

Mjane alijifunika uso kwa vazi lake la ngozi. Lohay mwenyewe alifumbua macho, akaona alipo, akajaribu kuanza upya. Hakuweza. Ile slufay aliyoijua tangu kijana ilikuwa imeingiliwa na yale mengine. Akarudi nyuma hatua chache, akaangukia kwenye boma la miiba.

Na kijana mmoja alikuwa anarekodi.

Hiyo ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote. Kuliko ile ya harusi. Wakaiwekea muziki, wakaiwekea vikaragosi vya kucheka machozi. Hakuna aliyeuliza msiba ulikuwa wa nani.

Miiba nilimtoa mimi, nyumbani, kwa sindano, mmoja mmoja kwenye mgongo. Hakulia kwa miiba. Alilia alipokumbuka uso wa mjane. Alisema, "Mama Rehema, nipeleke kwa mchungaji."

Tulikwenda. Mchungaji alimpokea bila neno hata moja la lawama. Tulipiga magoti watatu pale ofisini kwake. Wiki iliyofuata Lohay alikwenda Getanuwas akaomba msamaha kwa wazee, na mjane akampa maziwa anywe. Wale watu wana moyo mkubwa kuliko wengi tunaojiita waumini.

Rehema naye alikuja. Alipomwona baba yake alivyokonda alijitupa miguuni pake. Alitaka kuufunga ule ukurasa saa ileile. Wasomaji, hapa ndipo ninapoumia zaidi. Lohay alikataa! Alisema si adabu kuondoka kwa watu bila kuaga. Alitaka awaambie kwamba ameacha, pengine na mwingine ataacha.

Basi Rehema akamrekodi. Alivaa shati lake la kanisani. Hakushika kibuyu. Alisema kwa ufupi kwamba alikuwa mlevi ujanani, Mungu akamtoa, akarudi kwa sababu ya sifa, na sasa ameacha tena. Akawasihi vijana. Aliongea vizuri, kwa unyenyekevu. Ilikuwa baraka nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Hakuna aliyeitazama.

Nasema kweli, watu wachache mno, wengi wao ni sisi wa familia. Na walioandika, waliandika: "Babu amechoka." "Turudishieni babu wetu." "Hii haina ladha."

Alikaa siku nyingi juu ya yale mawe nyuma ya zizi akiitazama kama imeongeza watu. Pombe aliiacha, lakini simu hakuiacha. Na ndani ya simu pombe yote ilikuwamo. Vijana walizidi kumtumia picha za glasi: "Hii ni yako, babu, inakusubiri." Nilimwomba anipe ile simu niitunze. Akaniambia nisimfanye mtoto.

Deo akaja na pikipiki. "Baba mkubwa, watu wanasema umekufa. Twende hata wauone uso tu."

Nilisimama mlangoni. Mimi mwanamke mzee nilitanua mikono nikaziba mlango wa nyumba yangu! Lohay alinishika bega kwa upole, kama zamani, akasema, "Uso tu, mama. Narudi." Nikashusha mikono.

Hakurudi hadi kesho yake, na hakurudi kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya hapo alikunywa waziwazi, asubuhi na jioni, na video au bila video. Ule ulikuwa ni mwendo wa mtu ambaye ameshakata tamaa na nafsi yake.

Asubuhi moja alikuwa anakamua. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilidhani ng'ombe amepiga teke. Nilipofika, alikuwa ameegemea ubavu wa ng'ombe, mdomo umekwenda upande, maziwa yanamwagikia miguuni. Alinitazama, akataka kusema. Ikatoka sauti ambayo si neno.

Hospitali walisema ni kiharusi. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana na pombe ilikuwa imelichochea. Tulikaa wodini hadi majani ya mahindi yakaanza kunyauka nyumbani. Mkono wa kulia haukurudi. Mguu ulirudi kidogo. Sauti haikurudi.

Anaelewa kila kitu. Ukimsimulia habari ya kuchekesha, macho yanacheka. Ukimsomea Biblia na ukaruka mstari, anapiga kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka urudi. Yule mjane wa Getanuwas alikuja kumwona na kibuyu cha maziwa. Mchungaji anakuja kila wiki, anamnyoa ndevu. Namshukuru Mungu kwa hayo, nashukuru kwa moyo wangu wote. Bado nina mume. Wangapi hawana?

Rehema aliufunga ule ukurasa. Alidhani yamekwisha. Nami nilidhani hivyo.

Siku moja tulikuwa tumemkalisha nje aote jua. Bodaboda ikapita barabarani, redio yake juu. Na ndani ya muziki, ikasikika sauti... "Ijumaa imefika! Nani hana glasi?" Sauti yake! Nzima, yenye nguvu, kama alivyokuwa. Waliifanya wimbo.

Lohay aliinua kichwa. Alifungua mdomo. Alijitahidi hadi mishipa ya shingo ikasimama, kana kwamba anataka kuiitikia au kuirudisha ndani, sijui. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile lililo hai.

Kesho yake nilikwenda Katesh. Nilimkuta Deo anafagia baa yake. Nilimwita mwanangu, nikamwomba aifute, aondoe na ile picha kubwa ya mume wangu aliyoichora ukutani.

Alikuna kichwa. Hakuwa mkali. Hilo ndilo linaloniumiza, hakuwa hata mkali. "Mama mkubwa, picha nitaitoa. Lakini sauti... hiyo sasa ni ya watu wote. Hata mimi sina uwezo."

Mezani walikuwapo vijana watatu. Walinisalimia shikamoo kwa adabu. Mmoja akaniuliza, "Bibi, unamfahamu Babu wa Baraka? Yuko hai kweli?"

Nikawaambia mimi ni mke wake. Wakacheka, wakidhani natania. Nikabaki nimesimama. Kicheko kikawaishia kidogo kidogo.

"Samahani, bibi," akasema mwingine. Alitoa simu, akaifuta ile video mbele yangu, akanionyesha. Kisha akainamisha kichwa. "Nimefuta ya kwangu. Ila kusema ukweli, bibi, mimi bia nilianza kwa ajili ya hiyo video. Tulikuwa tunamuigiza. Nilikuwa natema."

Nilimuuliza, "Na siku hizi unatema?"

Glasi yake ilikuwa nusu.

Ndugu wasomaji, sikuandika haya ili mmchukie Deo au mmhukumu binti yangu. Rehema amejihukumu vya kutosha. Kila mwezi anakuja kumwogesha baba yake, na bado hawezi kumtazama usoni. Naandika kwa ajili ya yule mwenye baba, mume, kaka au rafiki aliyeacha pombe. Tafadhali, usimtumie picha ya glasi, hata kwa utani. Usimwite ajibu kwa nini hayupo kwenye meza yenu. Kwako ni mzaha wa dakika moja. Kwake ni mlango aliougongomea misumari kwa mikono yake mwenyewe, na wewe unagonga kila siku.

Na ninyi vijana mnaopiga picha na chupa mlizoazima, ambazo hata hamjazinywa, ili muonekane... Najua mnajiambia mnaigiza tu. Mume wangu naye alikuwa anatema. Watu wanaokupigia makofi kwa sababu ya pombe watataka pombe, na siku utakaposimama mbele yao bila pombe hawatakuwapo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, nyuma ya zizi, juu ya mawe.

Nina ombi moja la mwisho, na ni kwa ajili yake. Katika simu yako pengine imo video ya mzee mwembamba wa Hanang, ameshika kibuyu cha shanga, au yuko ndani ya koti jeusi anabariki meza za baa, au anaangukia miiba na watu wanacheka. Pengine unayo ile sauti tu.

Ifute. Usimpelekee mwenzako kwanza.

Hawezi kukuomba mwenyewe. Lakini anasikia kila pikipiki inayopita.